Maren wa Kapu la Pili

Maren Tollefsrud aliagwa na mji mzima wa Halstrup katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kwa kahawa, keki na sala ya mchungaji, halafu akaendelea kuishi mjini humo kwa zaidi ya miaka miwili. Halikuwa kosa la mtu yeyote. Watu wa Halstrup ni waungwana, na waungwana wakishakuaga hutarajia uondoke.

Chanzo chake kilikuwa mtihani. Serikali ya Marekani huwapima wanaotaka kuwa waongoza ndege, wale watu wanaokaa minarani na kwenye vyumba vyenye mwanga hafifu wakiziambia ndege ipi ipite na ipi ingoje. Huwapima kabla ya kuwafundisha lolote, kwa imani kwamba kazi hiyo ama umezaliwa nayo kichwani ama hukuzaliwa nayo. Unakaa mbele ya kompyuta karibu nusu siku. Kuna nukta zinazotembea kwenye kioo, kila moja na namba yake, nawe unatakiwa kubonyeza namba ya nukta itakayogonga mwenzake kabla haijamgonga. Wakati huohuo, pembeni, unaulizwa hesabu za kujumlisha na kutoa, zikikukatiza kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake sokoni. Kuna kukumbuka namba ulizoonyeshwa zamani kidogo. Kuna kusoma habari ndefu isiyo na maana na kujibu maswali yasiyo na maana zaidi. Na kuna sehemu ya tabia, ambayo haina nukta wala hesabu: unapewa sentensi, na unasema ni kwa kiasi gani sentensi hiyo ni wewe, kuanzia si mimi kabisa hadi ni mimi kabisa.

Kinachotesa watu ni usahihishaji. Huambiwi umepata ngapi. Huambiwi sehemu ipi ilikubeba na ipi ilikuangusha, wala sehemu ya tabia ina uzito gani mbele ya nukta. Unaambiwa tu umetupwa kapu gani. Kapu la kwanza linaitwa Anafaa Kuliko Wote. La pili ni Anafaa Sana. La tatu ni Anafaa. La nne ni la wale ambao majina yao hayakupelekwa mbele, na halikupewa sifa yoyote. Nafasi za shule yao, iliyoko mbali kusini, Oklahoma, hugawiwa kuanzia kapu la kwanza, na zikibaki huteremka kwenye la pili. Miaka ile hazikuwa zikibaki. Kwa hiyo mtu akiandikiwa kwamba anafaa sana, alikuwa ameambiwa kwa adabu arudi nyumbani. Anaweza kujaribu tena mwaka unaofuata, na unaofuata, ili mradi awe ameomba kabla ya kutimiza miaka thelathini na moja. Baada ya hapo hafai tena, hata kama jana yake alifaa kuliko wote.

Maren alikuwa na miaka ishirini na minane alipojaribu mara ya kwanza. Kazi yake wakati huo ilikuwa kwenye kituo cha ushirika wa viazisukari, vile vya kutengenezea sukari. Kila Oktoba, mashamba ya Bonde la Mto Mwekundu yanapochimbuliwa yote kwa pamoja, malori hutiririka kituoni mchana na usiku, na mashine kubwa huyapokea na kurundika viazi kuwa vilima virefu kuliko nyumba. Lazima mtu fulani aamue lori lipi liende mashine ipi, la sivyo yanakwama kwenye tope na madereva wanaanza kukumbushana mambo ya ukoo. Mtu huyo alikuwa Maren. Alikaa kwenye kibanda cha vioo na redio yake, akiyagawa malori kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mayai.

"Maren, niende mashine ya ngapi?" Harlan Quam alikuwa akiuliza kutoka kwenye lori lake, kila mwaka, kila zamu. "Au nizunguke tu hapa mpaka nistaafu?"

"Ya tatu, Harlan. Ya kustaafu ina foleni."

Madereva walipenda sauti ile. Hakuna aliyemwambia, bila shaka. Sisi watu wa bonde lile tukipewa chakula kilichotutoa machozi tunasema si kibaya, na mpishi huondoka akiwa ameridhika. Ukimsifu mtu usoni unamtia aibu, na mtu akijisifu mwenyewe unamwonea huruma, kama umemwona barabarani kavaa viatu tofauti.

Sasa, katika mji kama huo, majibu ya serikali yakaja na neno *sana*.

Maren alimwambia baba yake, Orrin, mzee aliyeacha kilimo na aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake afariki. Aliona ni vibaya kumficha. Orrin akalitaja jambo hilo mbele ya kahawa ya asubuhi pale dukani kwa ushirika, kama mtu anayetaja mvua ya mji wa jirani. Kufikia mchana Ardis Nygaard, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa ameshagawa kazi: fulani alete bakuli la nyama ya kusaga na viazi, fulani alete jeli ya kijani yenye karoti ndani, fulani aoke keki. Kwa kumbukumbu za watu, hakuna mwana wa Halstrup aliyewahi kuandikiwa na serikali kwamba anafanya chochote sana.

Maren akaenda kwa Ardis kueleza. Akasema bado hajaitwa. Ardis akamwambia asijishushe. Akasema mbele ya kapu hilo kuna kapu lingine, na wanaoitwa wanatoka huko. Ardis akacheka kwa upendo na kumwambia amefanana na mama yake, ambaye naye alikuwa hataki kusifiwa. Akasema mara ya tatu, kwa maneno mafupi kabisa, kwamba haendi popote. Hapo Ardis akaridhika kwamba shughuli itafana. Kwetu mtu akikaribishwa kahawa hukataa mara ya kwanza, hukataa mara ya pili, na anayekubali kabla ya mara ya tatu ameonyesha njaa. Maren alikuwa amekataa mara tatu. Kwa desturi zote za bonde lile, alikuwa amekubali.

Keki ilichorwa ndege ya sukari ambayo watoto walibishana kama ni samaki. Mchungaji akaomba ulinzi kwa wote wasafirio angani. Verlyn Haugstad, meneja wa kituo, akasema maneno machache, yaani machache kweli, kwamba kazi haikuwa mbaya. Wakampa sanduku la safari la bluu. Maren akala keki. Angefanya nini? Kusimama mbele ya watu sabini waliovaa sweta zao nzuri na kuwaambia hawakuelewa mfumo wa makapu?

Baada ya hapo ikaanza kazi ya kugawana nafasi yake. Hili lilifanywa kwa wema na kwa haraka, kama watu wanavyogawana vitu vya marehemu ili familia isiteseke kuviona. Sauti yake katika kwaya ikapewa binti wa familia ya Skogen. Kiti chake katika timu ya Alhamisi, ile inayobingirisha mipira ya kuangusha pini za mbao, kikapewa mwalimu mgeni. Verlyn akamtafutia mtu wa kibanda, na ilipoonekana kwamba Maren yupo bado, na yule mtu ameshayapeleka malori mawili mtaroni, akamrudisha kazini kama mfanyakazi wa muda. Neno hilo, wa muda, lilibaki mbele ya jina lake kwenye ratiba miaka yote miwili.

Hakuna aliyemuuliza lolote. Watu wa mahali pengine wangeuliza, wangecheka, wangemtania mpaka jambo likaisha nguvu. Sisi tulimwonea haya kwa niaba yake. Ukimwona dukani mbele ya maziwa, ulikumbuka ghafla kwamba ulihitaji kitu upande wa sabuni. Kama hukuweza kukwepa, ulizungumzia upepo, na upepo kwetu ni mwingi, unatosha kila mtu. Alipojaribu mara ya pili na kurudi na majibu yaleyale, kapu lilelile, hakumwambia mtu, na mtu hakuuliza, na hivyo tukawa tumekubaliana.

Jioni alikula na Orrin. Orrin alikuwa hasikii vizuri na alikuwa amegundua kwamba hilo halimpunguzii sana. Walizungumza hali ya hewa ya kesho, halafu televisheni ikawaambia hali ya hewa ya kesho, halafu Orrin akasema ndivyo alivyofikiri. Siku nyingine sauti ya Maren ilitumika kwenye redio tu: ya tatu, ya kwanza, simama hapo, njoo. Alikuwa mtu anayesikilizwa na malori zaidi ya mia moja na hakuna anayemtembelea.

Akafika miaka thelathini. Siku yake ya kuzaliwa ni Mei, na dirisha la maombi lilifunguliwa wakati wa baridi. Alijua bila kupiga hesabu kwamba hii ndiyo ya mwisho. Akipita, anaondoka. Asipopita, atakuwa mfanyakazi wa muda wa Halstrup mpaka azikwe, na kwenye mazishi watu watakumbuka kwamba walishamuaga.

Kitu kimoja alichokuwa hajafanya ni kumwuliza mtu. Ilimchukua karibu majira yote ya vuli kuandika barua pepe ya mistari minne kwenda kwenye mnara wa uwanja wa ndege wa Fargo, mji mkubwa wa karibu, kueleza kwamba ameshajaribu mara mbili na kuomba kutembelea kama si usumbufu, na kama ni usumbufu basi wasahau. Wakamjibu siku hiyohiyo kwamba aje.

Aliyempokea mnarani alikuwa mwongoza ndege anayeitwa Rosalba Caputo, mwanamke wa makamo kutoka New Jersey, mwenye nywele nyingi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alimwonyesha vioo, redio, vipande vya karatasi vinavyoandikwa safari za ndege. Ndege moja ilipotua, Rosalba akaiambia igeuke kushoto, akamalizia sambusa yake, halafu akamgeukia Maren kama vile ni yeye aliyekuwa angani.

"Haya, nukta unaziwezaje?"

"Si mbaya," akasema Maren.

"Si mbaya kivipi? Zinagongana au hazigongani?"

Maren akatazama sakafu. "Hazijawahi kugongana."

"Hazijawahi? Mitihani yote miwili?"

"Sidhani."

"Zangu ziligongana kama nne, na mimi hapa nina mkopo wa nyumba na mume." Rosalba akavuta kiti. "Hesabu?"

"Nimezoea. Malori nayo yana uzito."

"Tabia je? Wakikuuliza kama unatulia mambo yakichacha, unabonyeza ipi?"

"Ya katikati."

"Zote katikati?"

"Si zote," Maren akasema. "Nyingine naweka chini kidogo ya katikati."

Rosalba akamtazama muda mrefu kiasi kwamba ndege ya pili ilibidi ijitambulishe mara mbili. Akaihudumia, akarudi.

"Dada, sikiliza. Kwetu mtu akiulizwa kama anajua kuendesha treni anasema ndiyo, halafu ndipo anapouliza breki iko wapi. Mimi sijui ile sehemu wanaisahihishaje. Hakuna anayejua, na atakayekwambia anajua ni mwongo. Lakini fikiria. Zinakuja ndege mbili zimeelekeana, na nina watu wawili wa kuwapa redio. Mmoja anasema naweza. Mwingine anasema labda, kama hakuna mwenzangu anayeitaka zaidi. Nimpe nani?"

"Nikisema naweza kuliko wengine, nitakuwa najisifu."

"Kwa nani? Ile ni kompyuta, mpenzi. Haisali na nyinyi."

Maren aliendesha gari kurudi nyumbani akilifikiria jambo hilo. Mashamba yalikuwa meupe pande zote na barabara haikuwa na kona hata moja ya kumsaidia. Hakuwa ameona kabla ya hapo kwamba alichokuwa akikiita adabu, mtu aliyelelewa mahali pengine angeweza kukisoma kama shaka, na kwamba mashine labda haikulelewa popote. Watu wote aliowajua wangebonyeza katikati. Mji mzima wa Halstrup, ukipimwa, ungeanguka kwenye kapu la pili na kuandaa keki.

Akaanza mazoezi. Nukta hakuzigusa, hazikuwa na tatizo. Alifanya mazoezi ya kusema. Jumapili alasiri Orrin akishasinzia mbele ya televisheni, Maren alisimama jikoni na kuliambia jokofu, kwa sauti, kwamba yeye ni mzuri kazini. Mwanzoni sentensi ilitoka na neno *kiasi* mwishoni. Akalikata. Ikatoka na neno *nadhani* mwanzoni. Hilo lilikuwa na mizizi zaidi. Alirudia wiki baada ya wiki, akiona uso unamwaka moto peke yake mbele ya maziwa na mayai, mpaka siku moja sentensi ikatoka nzima: mimi ni mzuri kazini kuliko watu wengi ninaowajua. Akatulia kuona kama kitu kitaanguka. Kilichotokea ni Orrin kutokeza mlangoni.

"Unaongea na nani?"

"Na jokofu."

"Linasemaje?"

"Halisemi kitu."

Orrin akalifikiria jibu hilo. "Afadhali," akasema, akachukua biskuti na kurudi kwenye kiti chake.

Mtihani ulikuwa Februari, mjini Fargo, katika chumba kisicho na dirisha chenye kompyuta zilizotenganishwa na vibao. Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope. Ndani kulikuwa na vijana wengi wa miaka ya ishirini wakitikisa magoti. Nukta zilipita bila kugusana. Hesabu zilimvuta nguo, naye akazijibu bila kuzitazama usoni. Kisha ikaja sehemu ya tabia, na Maren akakaa wima kama anayekwenda kung'olewa jino.

Mambo yakichacha, mimi hutulia. Akakumbuka ile Oktoba mvua iliponyesha siku tatu na malori arobaini yakasimama kwenye tope, na jinsi alivyoyatoa moja moja mpaka saa ya chakula. Ni mimi kabisa. Wenzangu huniamini niamue. Ni mimi kabisa. Mimi hufanya kazi hii vizuri kuliko wengi. Hapo akagundua kwa mshangao kwamba hakuhitaji kuongopa. Alikuwa amejiandaa kusema uongo mchana kutwa, na kila sentensi ilipofika ilikuwa kweli tupu. Akabonyeza, akabonyeza, na akaanza kuona hasira kidogo, ambayo hakujua ni ya nani.

Karibu na mwisho ikaja hii: Nina watu ninaoweza kuwaeleza mambo yangu.

Akaisoma mara ya pili. Kwa mwendo aliokuwa nao, kidole kilikuwa tayari upande wa ni mimi kabisa, na pengine huko ndiko kapu la kwanza lilikokuwa. Nani atataka kumpa redio mtu asiye na wa kumwambia neno? Katikati palikuwepo pia, papo hapo, pazuri, pa nyumbani. Angeweza kupumzika hapo mara moja tu na hakuna ambaye angejua. Saa ya kwenye kioo ikawa inakwenda. Maren akaziita nyuso za Halstrup moja moja, Ardis, Verlyn, Harlan, binti wa Skogen, na baba yake, na kila mmoja akageuka kwa upole akaenda upande wa sabuni.

Akabonyeza si mimi kabisa.

Majibu yalikuja Machi, wakati wa chakula cha mchana, akiwa ndani ya gari lake nje ya kituo, injini ikiunguruma ili asigande. Alisoma kwenye simu. Akaizima, akaiwasha, akasoma tena, maana alijua macho ya mtu mpweke husoma anachotaka. Anafaa Kuliko Wote. Kwa nini, hakuambiwa. Huenda walimpa alama kwa kusema naweza. Huenda nukta zilikuwa zimembeba miaka yote na mara hii zilikutana na bahati. Huenda ile sentensi ya mwisho haikuhesabiwa, au ilihesabiwa kwa namna ambayo hakuna mtu angeikisia. Kapu halina maelezo. Akala mkate wake wote, akarudi ndani, na Verlyn alipopita akasema upepo umegeuka, naye Maren akasema kweli, umegeuka.

Jioni alimwambia Orrin.

"Majibu yametoka."

"Yaleyale?"

"Hapana. La kwanza."

Orrin aliweka uma chini. "Kuliko wote," akasema polepole, kama anayeonja chakula asichojua kama kimewekwa chumvi. "Wameandika hivyo?"

"Wameandika."

"Kuliko wote wapi? Wa Fargo?"

"Wote, baba. Si mimi peke yangu, tuko wengi kapuni."

Hilo lilimtuliza. Akala kidogo. "Watu usiwaambie kwa maneno hayo," akasema. Halafu akavaa koti, akatoka nje kwenye theluji na tochi, na Maren akamwona kupitia dirishani akizunguka gari lake na kuinama kwenye kila gurudumu. Aliporudi alikuwa na theluji magotini. "Matairi hayo hayafiki Oklahoma," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo, na siku iliyofuata gari lilikuwa na matairi mapya.

Wakaja madaktari wa serikali, wakaja watu wa kuchunguza kama amewahi kufanya lolote baya, kazi iliyowachosha mapema. Agosti ikaja tarehe ya kuanza shule: wiki ya kwanza ya Oktoba. Hapo Maren akaona ni haki kuwaambia watu, na kwa kuwa alikuwa ameshajizoeza kusema sentensi nzima, akawaambia kwa sentensi nzima.

Alianza na Ardis, dukani, mbele ya mayai. Akamwambia ameitwa shule ya waongoza ndege, anaondoka mwisho wa Septemba. Ardis akamshika mkono. Macho yake yalijaa huruma ya kweli.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sisi tuko na wewe. Unakula vizuri?"

"Ninakula. Nimeitwa kweli, mama Ardis. Mara hii nimeitwa."

"Najua, najua." Akampapasa mkono. "Pita nyumbani siku moja unywe kahawa."

Maren alikuwa anajua kwamba mwaliko usiotajwa siku si mwaliko. Akaenda kwa mchungaji, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho na kuahidi kumwombea subira. Akaenda kwa Verlyn, ambaye alikuwa na ratiba ya mavuno mbele yake mezani.

"Oktoba sitakuwepo, Verlyn. Naenda Oklahoma."

"Aa. Vizuri hivyo." Verlyn akachukua kalamu na kuandika jina lake kwenye zamu ya asubuhi, mwezi mzima, na mbele yake *wa muda*. "Nakuweka tu. Kwa usalama."

"Verlyn. Tafuta mtu mwingine."

"Nitatafuta," akasema Verlyn, kwa sauti ambayo hutumiwa kwa wagonjwa.

Akina mama wa kanisa walilijadili jambo hilo kwenye kikao chao, chini ya mengineyo. Mmoja aliuliza kama wafanye kahawa ndogo. Ardis akasema itakuwa ukatili kumtendea mtoto wa watu hivyo mara mbili, na tena sanduku alishapewa. Wakakubaliana kwamba njia ya upendo ni kutolitaja kabisa. Na hapa niwatetee: hawakuwa na ubaya wowote. Walimpenda Maren, na walikuwa wamejifunza kutokana na kosa lao. Ila walijifunza kutokana na kosa ambalo sasa halikuwa kosa tena, na hakuna mtu wa kapu lolote aliyewaonya.

Aliondoka Jumanne asubuhi. Orrin alisimama uwanjani na kofia yake, akafungua boneti, akapima oili, akafunga boneti. Akasema kulungu wamekuwa wengi barabara ya kusini, wakati huu wa mwaka hawatazami, apunguze mwendo jua likizama. Maren akasema atapunguza. Orrin akagonga paa la gari mara moja kwa kiganja, kama anayemruhusu ng'ombe kutoka zizini, na gari likaondoka. Kwenye kona ya duka, Ardis alikuwa anafagia ngazi. Aliliona, akapunga mkono, na akafikiri Maren anaenda Fargo kununua koti.

Viazi vilianza kuchimbwa wiki iliyofuata. Asubuhi ya kwanza malori yalijipanga hadi barabara kuu, na kibandani hakukuwa na mtu. Verlyn alingoja, akapiga simu kwa Orrin kuuliza kama Maren anaumwa. Orrin akamwuliza ana maana gani, wakati Maren alishamwambia yeye mwenyewe kwamba anaondoka. Verlyn akakata simu, akapanda kibandani mwenyewe, akashika redio kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine. Akampeleka mmoja mashine ambayo haijawashwa. Akawaita wawili mashine moja. Foleni ikaanza kujikunja.

Redio ikakwaruza. Alikuwa Harlan Quam.

"Nani huyo? Verlyn? Maren yuko wapi, anaumwa?"

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Oklahoma. Kuongoza ndege."

Kwa nyuma zikasikika injini za malori yote yaliyokuwa yakisikiliza, maana redio ile ni moja kwa wote.

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Sasa Verlyn," akasema Harlan, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, "si angetuambia jamani. Mbona hakusema?"

Verlyn alibonyeza kitufe cha redio, akakiachia, akatazama foleni iliyofika barabarani. Kisha akakibonyeza tena.

"Alisema," akasema.